Ofisi ya tafsiri ya Goma na vivumishi vya Kihispania: nilichokilipia na nilichokipata

Kwa muda wa miezi saba iliyopita nimepeleka ripoti tatu kwenye ofisi moja ya tafsiri iliyo katikati ya mji wa Goma, ghorofani juu ya duka la vitenge, ili zitolewe katika Kiingereza na kuwekwa katika Kihispania. Naandika tathmini hii kwa sababu najua wapo wengine mjini kwetu wenye kazi ya namna hiyo, na kwa sababu mimi mwenyewe nilipotafuta maoni ya wateja waliotangulia sikupata hata moja. Jina la ofisi sitalitaja, kwa kuwa nitaeleza pia makosa yake, na mengi ya makosa hayo yalirekebishwa mbele ya macho yangu kwa uungwana ambao sitaki kuulipa kwa aibu.

Kwanza nieleze kwa nini mtu wa Goma ahitaji Kihispania. Chama chetu ni cha wakazi wa kando ya Ziwa Kivu. Tunapima joto la maji, tunachota sampuli, na tunaandika mahali ambapo mazuku yameonekana, yaani yale mashimo na mabonde madogo ambamo hewa ya kaboni dioksidi hutoka ardhini na kutuama, kwa kuwa ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa ya kawaida. Tarehe 22 Mei 2021 mlima wetu wa volkano, Nyiragongo, ulilipuka na lava ikateremka hadi karibu na uwanja wa ndege. Mwaka huohuo, tarehe 19 Septemba, volkano ililipuka katika kisiwa cha La Palma, kimojawapo cha Visiwa vya Kanari vya Uhispania, na haikutulia hadi tarehe 13 Desemba. Lava ilipopoa, wakazi wa Puerto Naos na La Bombilla walizuiwa kwa muda mrefu kurudi makwao, si kwa sababu ya moto, bali kwa sababu gesi ileile ya kaboni dioksidi ilikuwa ikipanda kutoka ardhini na kujaa vyumba vya chini. Tuliposoma habari hiyo tuliona kwamba watu wale wanaishi na jambo ambalo bibi zetu walikuwa na jina lake. Tukaanza kuandikiana na baadhi yao, na ripoti zetu, ambazo ziliandikwa kwa Kiingereza kwa ajili ya mkutano mwingine, zikahitaji kusomeka kwa lugha yao.

Ripoti ya kwanza, mwanzoni, hatukuipeleka kwa mtu yeyote. Tuliipitisha katika programu ya simu isiyolipiwa, tukaituma. Jibu lilikuja baada ya siku kumi, la heshima sana, likiwa na swali moja lililotuchanganya: kwa nini chama cha wakazi wa ukingoni kinapima tabaka la juu tu la ziwa, katikati ya maji, wala hakipimi pwani ambako watu wanaoga na kuteka? Sisi tulikuwa hatujapima popote pengine isipokuwa pwani. Ndipo nilipoamua kutafuta mtu wa kulipwa.

Bei ya ofisi hiyo ni dola 7 kwa ukurasa wa maandishi ya kisayansi, nusu ikilipwa mbele, na risiti hutolewa bila kuombwa. Wanaofanya kazi ni wawili. Kijana mmoja hukaa kwenye kompyuta na kuandaa rasimu. Kisha Mama mwenye ofisi, aliyejifunza Kihispania kwa watawa na baadaye akaishi miaka kadhaa Malabo, katika Guinea ya Ikweta ambako Kihispania ni lugha ya serikali, huisoma rasimu hiyo akiwa na kalamu nyekundu. Hao wawili hawalingani hata kidogo, na mteja anapaswa kulijua hilo kabla hajaondoka na karatasi zake.

Rasimu ya kwanza niliyoonyeshwa ilikuwa na kosa lilelile la programu ya simu. Kiingereza chetu kilisema "shallow waters", na kijana aliandika "aguas superficiales". Nilipomweleza Mama habari ya barua ya La Palma, hakufungua kamusi, aliniuliza swali.

"Papa, maji hayo mliyachota wapi?"

"Pale Kituku, Mama, hatua chache tu kutoka ukingoni, mahali ambapo maji yanamfika mtu kiunoni."

"Basi hayo ni maji ya kina kifupi. Hapa imeandikwa maji ya juu."

Akaifuta "superficiales" na kuandika "someras". Alinieleza kwamba kosa hilo halitokani na uvivu peke yake. Katika habari za matetemeko ya ardhi, hasa zile za Amerika ya Kusini, tetemeko linaloanzia karibu na uso wa dunia huitwa kwa kawaida "sismo superficial", na hapo kivumishi hicho hubeba sawasawa maana ya kina kifupi. Mtu aliyekizoea humo hukihamishia kwenye maji bila kushtuka. Lakini ukikiweka mbele ya maji, "superficial" humaanisha maji yaliyo juu, yanayogusana na hewa, hata kama chini yake kuna mamia ya mita.

Kwa ziwa jingine tofauti hiyo ingekuwa ndogo. Kwa Kivu ni tofauti ya sayansi nzima. Ziwa letu lina kina kinachokaribia mita 485, nalo limepangika kwa matabaka yasiyochanganyika: mita kama 60 za juu ndizo zinazokorogwa na upepo na majira, na chini zaidi, hasa kupita mita 260, ndiko kulikolala wingi wa gesi iliyoyeyuka, takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi na 60 za methani. Mtafiti anayesoma "aguas superficiales" kuhusu Kivu huwaza mara moja lile tabaka la juu kwa kulilinganisha na yale ya chini, na kila namba inayofuata ataitafsiri kwa fikra hiyo. Neno moja lilikuwa limeihamisha ndoo yetu kutoka Kituku hadi katikati ya ziwa.

Kosa la pili lilinifunza zaidi, kwa sababu safari hii Kiingereza chenyewe ndicho kilichoficha mtego. Neno "thermal" lilionekana mara kumi na moja katika ripoti yetu, na kijana aliliweka "termal" mara zote kumi na moja. Kihispania kina vivumishi viwili mahali ambapo Kiingereza kina kimoja. "Térmico" ni kila kinachohusu joto kama nguvu au kipimo: kamera inayoona joto ni "cámara térmica", sehemu iliyo na joto lisilo la kawaida ni "anomalía térmica". "Termal" ni kwa maji ya moto yatokayo ardhini, yale ambayo watu huenda kuoga ili kupunguza maumivu ya viungo. Kwa hiyo rasimu ilikuwa imeandika kwamba tuliazima kamera ya chemchemi na kugundua hitilafu ya maji ya kuogea. Katika kumi na moja, moja tu ilistahili kubaki, ile iliyozungumzia chemchemi ya maji moto.

Nilimwambia Mama kwamba Kiswahili hakina shida hiyo, kwa kuwa tunasema chemchemi ya maji moto upande mmoja na kipimo cha joto upande mwingine, na hakuna anayechanganya. Alikubali, kisha akaniambia jambo ambalo kwangu ndilo lenye thamani kuliko dola nilizolipa. Sisi watu wa Kongo, alisema, tumesoma kwa Kifaransa, na Kifaransa kinatofautisha "thermique" na "thermal" karibu kwa mpaka uleule wa Kihispania. Kijana aliyesoma shule Goma analijua jibu tayari. Ameliacha tu nyumbani kwa sababu karatasi iliyo mbele yake ni ya Kiingereza. Tangu hapo nimemwona Mama akimfanyisha kijana zoezi hilo: kabla ya kuchagua kivumishi, alitamke neno kwa Kifaransa, kisha aseme kwa Kiswahili linaelekeza kitu gani, ndipo aandike.

Lakini ngazi hiyo ya Kifaransa ina kipandio kilichooza, nami nilikiona katika ripoti ya pili, iliyohusu nyufa zilizofunguka katika barabara na nyumba za Goma siku zile za Mei 2021, wakati magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ilipopita chini ya mji. Kiingereza kilisema "large cracks". Kijana, akijitahidi sasa kufuata ushauri, aliwaza Kifaransa, akaandika "grietas largas". Tazama jinsi neno moja linavyotembea: kwa Mwingereza "large" ni kubwa, kwa Mfaransa "large" ni pana, na kwa Mhispania "largo" ni ndefu. Nyufa tulizozipima zilikuwa na jambo moja tu lililotuhusu, nalo ni upana, kwa kuwa upana ndio tuliourudia kupima kwa rula kila asubuhi ili kuona kama ardhi bado inaachana. Urefu hatukuupima, kwani nyingi zilipita chini ya kuta na kupotea. Mama aliandika "grietas anchas", akaongeza pembeni sentimita zetu, nami nilitulia.

Vipo vivumishi vingine ambavyo alivisahihisha kwa haraka, bila maelezo marefu, na haviniombi zaidi ya kuvitaja. Mvua yenye asidi inayoletwa na moshi wa Nyiragongo ilikuwa "acídica", ikawa "ácida". Maeneo ya hatari yalikuwa "azarosas", neno linalosikika karibu na Kiingereza na Kifaransa lakini linaloelekea zaidi kwenye mambo ya bahati na mashaka, yakawa "peligrosas". Pale tuliposema matokeo yetu yanapatana na vipimo vya awali, "consistente" iliondolewa, kwa kuwa waandishi makini huiacha kwa kitu kigumu kilichoshikana, ikawekwa "coherente". Majeraha ya mapafu yalikuwa "severas". Akaandika "graves", akisema "severo" kwake ni mwalimu mkali.

Kuhusu ziwa, nilidhani kivumishi kimoja kingetosha, nikakuta ni vitatu. "Lacustre" ni cha vitu vya ziwani, kama matope na mimea. "Limnológico" ni cha taaluma ya kuchunguza maziwa, kwa hiyo ni cha vitabu, maabara na safari za utafiti. "Límnico" ndicho kinachotumika kwa lile jambo la kutisha, mlipuko wa gesi kutoka vilindini, kama ule wa Ziwa Nyos nchini Kamerun tarehe 21 Agosti 1986, ambapo watu wapatao 1,700 walikufa usiku mmoja. Rasimu ilikuwa imeandika "erupción limnológica", yaani mlipuko wa elimu ya maziwa. Mtu asiyeishi kando ya Kivu anaweza kuliona hilo dogo. Mimi nina watoto wanaolala mita mia mbili kutoka majini, na sikuweza kuliona dogo.

Nakaa kidogo kwenye sarufi, kwa sababu ofisi hii inaieleza vizuri kuliko darasa lolote nililowahi kukaa. Kivumishi cha Kihispania kwa kawaida hufuata nomino na kupatana nayo, kama chetu, ila badala ya ngeli nyingi kuna jinsia mbili. Tatizo kubwa la kijana lilikuwa neno la maji. "Agua" ni la jinsia ya kike, lakini katika umoja, kwa sababu ya matamshi, hutanguliwa na "el", ambacho ni kitangulizi cha kiume. Yeye aliona "el" na kuandika "el agua profundo". Mama alimuuliza kwa nini sisi husema "rafiki yangu mzuri": hiyo "yangu" inavaa nguo ya ngeli moja, na "mzuri" inavaa ya nyingine, wakati rafiki ni yuleyule, na hakuna mtoto anayekosea. "El agua profunda" ni hivyohivyo. Kitangulizi kimebadilika kwa ajili ya sikio, kivumishi kimebaki na ukweli wa nomino. Sijaona kijana akilikosea tena. Kuna pia maneno kama "magma" na "sistema", yenye mwisho wa "a" lakini ya kiume, na hapo hana budi kukariri.

Neno letu mazuku lilikuwa na kisa chake. Ripoti ya Kiingereza ilikuwa imelieleza kwa maneno ya "evil wind", na rasimu ikatoa "vientos malignos". "Maligno" ni kivumishi ambacho daktari wa Kihispania hukitumia kwa uvimbe wa saratani, na mahali pengine ni cha pepo wabaya. Msomaji wa La Palma angedhani tunamletea ushirikina, au ugonjwa. Mama alilirudisha neno lenyewe, "los mazuku", bila kuongeza herufi ya wingi ya Kihispania, kwa hoja kwamba neno limekuja na "ma" yake. Kisha akasita juu ya kivumishi cha kuua. "Mortal" alikikataa kwa sababu humaanisha pia yule anayekufa. "Mortífero" alikiona kizuri kwa silaha na kwa hadithi. Alichagua "letal", akakiweka si kwa mazuku bali kwa kiwango cha gesi: "concentraciones letales de dióxido de carbono". Aliniambia kwamba mazuku ya alfajiri isiyo na upepo si sawa na ya mchana wenye upepo, na kivumishi kinapaswa kukaa juu ya kile kinachoua kweli. Nilistaajabu, kwa maana yeye hajawahi kupima gesi. Alikuwa amenisikiliza tu nilipoeleza habari za mbuzi waliokutwa wamekufa bondeni kwenye njia ya Sake.

Sasa nieleze yasiyoridhisha. Muda ulioahidiwa ulikuwa siku nne na kila mara imekuwa siku nane au tisa. Umeme ukikatika wanategemea betri ndogo, na hilo linaeleweka, lakini kumpigia mteja simu hakuhitaji umeme wa ofisi. Kompyuta yao ina kibodi ya Kifaransa, ambayo haina njia rahisi ya kuandika "í" na "ó" wala "ñ", na nakala ya kwanza niliyopewa kwenye flashi ilikuwa na "erupcion" na "limnica" bila alama, makosa ambayo Mama alikuwa ameyasahihisha kwenye karatasi lakini hayakuhamishiwa kwenye faili. Mteja aifungue faili palepale, kabla ya kulipa nusu ya pili, na alinganishe na karatasi yenye wino mwekundu.

Lililonisumbua zaidi ni kwamba usomaji wa Mama haujaandikwa popote kwenye bei. Mtu asiyeuliza anaweza kupewa rasimu ya kijana, iliyopigwa muhuri, kwa dola zilezile 7. Nilishuhudia hilo likimpata mteja aliyekuwa mbele yangu. Nilimweleza Mama waziwazi kwamba hiyo si haki, naye alisema hana uwezo wa kusoma kila kitu siku za Jumatatu, kazi zinapokuwa nyingi. Jibu hilo sikulikubali. Ningelipa dola 10 bila kunung'unika kama ingeandikwa ukutani kwamba kila ukurasa wa sayansi unasomwa na watu wawili, na kama ningepewa pamoja na kazi orodha ya vivumishi vilivyochaguliwa na sababu zake, ili ripoti ifuatayo isianze tena kutoka sifuri. Orodha hiyo kwa sasa ninaiandika mwenyewe katika daftari la shule, nikiwa nimekaa kwenye benchi lao.

Anayekwenda aende asubuhi, katikati ya juma, na aseme mapema kwamba anataka kuketi na msomaji wa pili. Abebe picha za mahali alipopima, na kama ana kifaa cha kupimia akibebe pia. Mimi nilipoweka rula yetu mezani, suala la nyufa liliisha kwa dakika moja. Asiende na Kiingereza ambacho yeye mwenyewe hakielewi, kwa sababu maswali yatakuwa mengi, na ni vizuri yawe mengi.

Ripoti ya tatu iko mikononi mwao wiki hii. Inahusu milima ya Virunga kwa jumla, na imetufikisha mahali ambapo Mama na mimi hatujakubaliana. Nyiragongo na Nyamulagira ni "activos", yaani volkano hai, hapo hakuna neno. Kwa ile ambayo Kiingereza huiita "dormant", yeye anataka "latente", kwa kuwa kinamkumbusha msomaji kwamba nguvu imejificha. Mimi nataka "durmiente", kwa kuwa sisi husema mlima umelala, na aliyelala huamka. Kijana wa kompyuta, aliyekuwa kimya wakati wote huo, aliomba ruhusa na kuuliza tunazungumzia mlima gani hasa, na ulilipuka lini kwa mara ya mwisho. Tumemwachia aweke tarehe ya kila mlima kando ya jina lake, nami nitarudi Jumamosi kuona ni kivumishi kipi kitakachobaki.